Mafumbo ya Nairobi yanayopitwa kila siku

Msafiri mpenda maajabu hugharimika pakubwa kwenda kuyatazama mawe ya Stonehenge nchini Uingereza au masanamu ya kisiwa cha Rapa Nui katika bahari ya Pasifiki, akijiuliza ni nani aliyeyasimamisha na kwa nini. Jijini Nairobi mafumbo yako kando ya barabara, na wanaoyapita kila asubuhi wakikimbilia kazini hata hawageuzi shingo.

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway pana jengo la mawe lililojengwa mwaka 1913, ambalo lilikuwa afisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo vilimosajiliwa vizazi, ndoa na vifo, na hapo ndipo palipowekwa alama ya kupimia umbali kutoka Nairobi hadi kwingineko. Siku hizi ni jumba la sanaa chini ya Makavazi ya Kitaifa, nalo limehifadhi vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya.

Hatua chache kutoka hapo lipo Nyayo House, jengo la orofa 27 lililokamilika mwaka 1983. Wananchi hupiga foleni humo kutafuta pasipoti. Chini ya ardhi, katika jengo lilo hilo, mna vyumba vya giza ambamo, hasa kuanzia mwaka 1986, maafisa wa usalama waliwatesa washukiwa wa kundi la Mwakenya. Baadhi yao waliachwa uchi katika maji kwa siku kadhaa. Mgeni huuliza iliwezekanaje haya kutendeka katikati ya jiji, umma ukiingia na kutoka. Walionusurika wameeleza kwamba walifikishwa wakiwa wamefungwa macho, wakapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa, kisha wakarejeshwa shimoni. Umma uliviona vyumba hivyo Februari 2003, baada ya KANU kuondoka madarakani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru waathiriwa 21 walipwe fidia. Wenyewe wamedai pia pahali hapo pafanywe makumbusho.

Katika Kenyatta Avenue iyo hiyo pana sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa heshima ya Waafrika waliohudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hakuna jina hata moja la marehemu, ingawa wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi, walikuwa makumi ya maelfu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka Kariokor.

Sanamu ya Dedan Kimathi, katika barabara yenye jina lake, ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Sanamu ipo, lakini kaburi la shujaa huyo halijathibitishwa hadi leo.

Anayeelekea magharibi kwa Barabara ya Ngong hufika Karen, mtaa ambao hata jina lake lina utata. Mwandishi Karen Blixen wa Denmark, aliyeondoka Kenya mwaka 1931, aliamini kwamba mtaa uliitwa kwa heshima yake. Hata hivyo, kampuni iliyomiliki shamba lake la kahawa iliitwa Karen Coffee Company, na wapo wanaoshikilia kuwa jina hilo lilikuwa la binamu yake, binti wa mwenyekiti wa kampuni. Kahawa yenyewe haikustawi, kwa kuwa shamba lilikuwa mwinuko usioifaa. Nyumba yake, iliyojengwa mwaka 1912, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986.

Kutoka uani mwa nyumba hiyo huonekana vilima vya Ngong, alikozikwa rafikiye, Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege huko Voi mwezi Mei 1931. Blixen aliandika kwamba Wamaasai waliripoti kuwaona simba dume na jike wakijilaza juu ya kaburi hilo.