Ziwa Malawi na Nchi Kavu Iliyo Juu Yake: Historia ya Maji na Uvuvi

Historia ya uvuvi katika Ziwa Malawi, ambalo Watanzania hulijua kama Ziwa Nyasa, imezoeleka kuandikwa kama historia ya nyavu: nani alileta wavu gani, macho yake yalikuwa madogo kiasi gani, na samaki gani walitoweka baada yake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari, kwa sababu wingi wa samaki umetegemea siku zote hali ya maji yenyewe, na hali hiyo imezidi kutegemea yanayotendeka katika nyanda za juu za kati, yaani Lilongwe, Dedza na wilaya jirani, ambako watu wengi hawajawahi kutupa ndoana ziwani.

Ziwa hilo lina urefu wa takriban kilomita 560, na upande wa kaskazini kina chake hufikia karibu mita 700. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu: kuanzia mita 250 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, samaki hawawezi kuishi, na virutubisho kama fosforasi na naitrojeni, ambavyo ndivyo chakula cha mwani na kwa hiyo mwanzo wa chakula cha samaki wote, huzama na kubaki humo kwa muda mrefu. Ndiyo sababu maji ya Nkhata Bay na Karonga ni maangavu kupindukia, na uangavu huo, unaomvutia mgeni, kwa mvuvi ni dalili ya maji yenye chakula kichache. Kusini hali ni tofauti, kwa kuwa ziwa hugawanyika katika ghuba mbili zenye kina kifupi, na upepo wa mwera, ambao kwa majira na mwelekeo unalingana na kusi ya pwani ya Bahari ya Hindi, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyaruhusu maji baridi yenye virutubisho kupanda. Mwera ni upepo wa hatari kwa mitumbwi, lakini bila huo uvuvi mkubwa wa Mangochi usingekuwapo.

Jambo la tatu kuhusu maji hayo ndilo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani huondoka kwa kuvukizwa na jua, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa Mto Shire kuelekea Zambezi. Tena kati ya mwaka 1915 na 1935 mto huo ulikaribia kukoma kabisa kutoka ziwani. Kinachoingia pamoja na maji, kiwe udongo, mbolea au uchafu, hakina njia ya haraka ya kutoka.

Kabla ya nyuzi za viwandani, nyavu za ziwa zilisukwa kwa nyuzi za mimea, hasa mti uitwao bwazi, na kazi ya kuzitayarisha ilikuwa ndefu kiasi kwamba wavu ulikuwa mali ya kurithiwa. Watonga wa Nkhata Bay walijulikana kwa chilimira, wavu unaozamishwa na kuvutwa kutoka kwenye mitumbwi katika maji ya wazi ili kunasa makundi ya utaka, samaki wanaokula viumbe wadogo waeleao majini, na wavuvi wao waliohamia kusini waliupeleka wavu huo pamoja nao. Uvuvi mwingine ulifanyika mitoni: masika yalipoanza, mpasa, samaki mkubwa wa rangi ya fedha, alipanda mito ya Bua, Linthipe na mingineyo kutafuta changarawe safi ya kutagia, na wenyeji walimsubiri kwa nyuzio na mitego. Katika uvuvi huo mto na ziwa vilihesabiwa kuwa kitu kimoja, jambo ambalo utawala wa baadaye ulichelewa sana kulielewa.

Utawala wa kikoloni ulianza kuliangalia ziwa kwa makini pale wavuvi wa Kigiriki walipoanzisha uvuvi wa biashara kusini katika miaka ya 1930. Uchunguzi wa mwaka 1939, uliofanywa na Bertram, Borley na Trewavas na kuchapishwa 1942, ulifuatiwa na ule wa Rosemary Lowe wa 1945 hadi 1947, ambao ndio ulioeleza vizuri maisha ya chambo, samaki wa jamii ya perege anayependwa kuliko wote nchini. Lowe alionyesha kwamba jike wa chambo hulea mayai na vifaranga kinywani, hivyo huzaa wachache kwa kila mzao, na kwamba mazalia yake yamo katika maji ya kina kifupi. Kwa maneno mengine, samaki huyo ni rahisi kumaliza. Kaskazini ilisubiri hadi 1954 na 1955, wakati kikosi cha watafiti kilipopiga kambi Nkhata Bay, na miongoni mwao Geoffrey Fryer akachunguza mbuna, samaki wadogo wa miambani ambao spishi nyingi kati yao hula mwani uliogandamana na mawe. Kazi hiyo ilistahili kusomwa kama onyo: viumbe wanaoishi kwa kula mwani wa mawe safi hawawezi kustahimili mawe yaliyofunikwa na tope.

Onyo la nyavu lilisikika zaidi, ingawa nalo halikuzuia kitu. Nyavu za nailoni zilienea, kokoro za injini zikaanza kazi kusini mwaka 1968, na mavuno ya chambo, yaliyozidi tani 8,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, yakaporomoka hadi chini ya tani 2,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Nafasi yake imechukuliwa na usipa, samaki mwembamba anayeishi takriban mwaka mmoja, anayevuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa zinazomvuta karibu na wavu, zamani karabai na sasa taa za betri.

Usipa aliyekaushwa ndiye samaki anayefika mbali. Hupanda kwa magunia hadi masoko ya Lilongwe, mitaa kama Area 49 ikiwamo, na hadi Dzaleka wilayani Dowa, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Wale waliokulia Uvira au Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, humpokea kama dagaa, ingawa dagaa wa Tanganyika ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa samaki wa baharini. Kwa kaya yenye fedha kidogo, fungu la usipa mara nyingi ndilo kitoweo kinachowezekana, na kwa hiyo afya ya maji yaliyo mbali inaamua kilichomo chunguni. Usipa hutegemea viumbe wadogo waeleao, nao hutegemea virutubisho vinavyopandishwa na upepo. Mwaka ambao maji hayakuchanganyika vizuri, samaki huyo hupungua ghafla. Vipimo vinaonyesha kwamba maji ya kina yalipata joto la takriban nyuzi 0.7 katika miongo sita ya karne ya 20, na mabadiliko ya joto la namna hiyo hugusa uchanganyikaji huo moja kwa moja.

Ripoti ya ubora wa maji iliyohaririwa na Bootsma na Hecky mwaka 1999 ndiyo iliyogeuza macho kutoka ufukweni kwenda mlimani. Ilieleza kwamba mito inayotoka katika mabonde yaliyolimwa hubeba mashapo, yaani udongo unaosombwa na maji, kwa wingi usiolingana na ule wa mito yenye misitu, na Linthipe ulikuwa mfano mkuu wa hali hiyo. Mto huo hupokea Mto Lilongwe, ambao huanzia msitu wa Dzalanyama na kupita katikati ya jiji lililofanywa mji mkuu mwaka 1975. Msitu umekatwa kwa kuni na mkaa, jiji limekua, na mashamba ya mahindi na tumbaku yamepanda hadi miteremkoni. Tope linaloshuka Salima hufunika changarawe ya mpasa na mawe ya mbuna na kupunguza mwanga majini. Hata moshi wa misitu na mashamba yanayochomwa huingia katika hesabu, kwa kuwa fosforasi iliyomo hewani huanguka ziwani pamoja na mvua na vumbi.

Uhusiano huo hufanya kazi pia kwa upande wa pili. Huko Cape Maclear, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1980, kichocho kiliongezeka katika muongo huo na uliofuata, na watafiti walikihusisha na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono wabebao vimelea vya ugonjwa huo. Uvuvi ulioharibika uliyafanya maji yenyewe kuwa hatari kwa watoto wanaooga humo.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 1997 iliwapa wavuvi nafasi katika usimamizi kupitia kamati za vijiji vya ufukweni, hatua ya haki na iliyochelewa. Lakini kamati hizo zinaweza kupima macho ya wavu na kufunga msimu. Hazina mamlaka juu ya jembe la Dedza, mkaa wa Dzalanyama wala maji machafu ya Lilongwe, jiji ambalo serikali ya Malawi imepanga kulivutia maji ya kunywa kutoka ziwa hilohilo kupitia Salima. Kumtaka mvuvi wa Salima peke yake aliokoe ziwa ni kumtwisha deni ambalo sehemu kubwa yake imekopwa na wakazi wa juu ya mto.