Jengo na Mtunzi: Kanisa la San Marco na Muziki wa Gabrieli

Vitabu vingi vya historia ya muziki hulitaja kanisa la San Marco mjini Venice kuwa mfano bora wa jengo lililozaa muziki. Maelezo yenyewe ni mepesi: kanisa lina kuba tano, na lilikuwa na vinanda viwili vilivyowekwa juu, kimoja kila upande wa altare. Watunzi wakaiona nafasi hiyo, wakaigawa kwaya, na mtindo wa kwaya mbili zinazopokezana ukazaliwa. Insha hii inakubali nusu tu ya maelezo hayo.

Ndani ya San Marco sauti haifi haraka. Huzunguka kwenye kuba na kurudi ikiwa imechelewa. Anayetaka kuelewa na apige kofi ndani ya ukumbi mtupu wa zege. (Katika makanisa yetu ya bati shida ni nyingine: mvua ikinyesha, kwaya haisikiki kabisa.) Penye mwangwi mrefu, noti za haraka hupandana na maneno hupotea. Giovanni Gabrieli, mpiga kinanda wa hapo kuanzia 1585 hadi alipofariki mwaka 1612, aliandika kama mtu anayelijua hilo. Sauti za pamoja hubadilika polepole. Kundi moja husema neno lake, ndipo la pili lijibu. Sonata pian e forte ya mwaka 1597 ina makundi mawili ya vyombo vinne vinne, na ni miongoni mwa kazi za kwanza kuchapishwa zikiwa na maelekezo ya sauti ndogo na sauti kubwa. Utekelezaji wake ni rahisi ajabu. Kundi moja likipiga peke yake, sauti ni ndogo. Yakipiga yote mawili, ni kubwa. Hapa ni haki kusema kwamba kuba zilimfundisha mtunzi.

Tatizo ni chanzo cha mtindo wenyewe. Adrian Willaert, mkuu wa muziki wa San Marco tangu 1527, alichapisha zaburi za kwaya mbili mwaka 1550, lakini zaburi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuimbwa Padua na Treviso, kusiko na San Marco. Tena, mwaka 1981 David Bryant na James H. Moore, kila mmoja katika utafiti wake, walirudi kwenye hati za taratibu za ibada. Walionyesha kwamba zaburi hizo hazikuhitaji kwaya mbili zinazotazamana kutoka kwenye vinanda. Waimbaji wanne walipokezana na wenzao waliobaki.

Je, jengo basi halikuhusika? Sidhani. Katika kitabu chao cha mwaka 2009, Deborah Howard na Laura Moretti wanatukumbusha kwamba msanifu majengo Jacopo Sansovino alijenga roshani mbili za waimbaji karibu na altare, katika miaka ya 1530 na 1540. Wanazihusisha na uamuzi wa Doge Andrea Gritti, mtawala wa jamhuri, wa kuhamishia kiti chake sehemu hiyo ya kanisa. Hoja hii naiona nzito. Hati za Bryant na Moore zinatueleza jinsi zaburi zilivyoimbwa, lakini hazitoshi kuzifuta roshani ambazo bado zipo. Kama Howard na Moretti wako sahihi, mkuu wa muziki na msanifu majengo walifanya kazi katika miaka ileile, na jengo lilirekebishwa ili muziki umfikie mtawala pale alipoketi. Vitabu vya kiada huliacha jambo hili kwa sababu huanza na jengo lililokwisha kukamilika, wakati San Marco ilikuwa bado ikibadilishwa.

Ushahidi mwingine unatoka mbali na Venice. Heinrich Schütz, Mjerumani, alifika mwaka 1609 kusoma kwa Gabrieli na akabaki mpaka mwalimu wake alipofariki. Mwaka 1619, akiwa Dresden, alichapisha Psalmen Davids, zaburi kwa lugha ya Kijerumani zenye makundi yanayopokezana kwa namna ya Venice. Kuba tano hakuweza kuzibeba, wala roshani za Sansovino. Alichofanya ni kuandika dibaji, akiwaeleza viongozi wa kwaya namna ya kuyapanga makundi hayo ndani ya makanisa yao wenyewe.