Chokoleti ya Wazungu? Hata Njugu Ilikuja kwa Meli

Ukitengeneza vile vitonge vidogo vya chokoleti nyumbani, bila oveni, lazima mtu akuambie hayo ni mambo ya Wazungu. Eti sisi watu wa Homa Bay na Migori tumezoea njugu karanga.

Sawa, lakini hiyo njugu karanga pia si mwenyeji. Asili yake ni Amerika Kusini, sawa na kakao. Wareno ndio walioileta Afrika kwa meli. Miwa nayo ilitoka New Guinea. Sasa nani atamwambia mkulima wa Ndhiwa njugu si zake? Nani ataenda Awendo, kiwanda cha Sony kinakosaga miwa tangu 1979, aseme sukari ni ya wageni?

Chokoleti yenyewe haikuanzia Ulaya. Watu wa Meksiko waliinywa karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Ile ya kutafuna ndiyo ya juzi: kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, 1847. Na leo kakao inalimwa hapa jirani, Bundibugyo kule Uganda na Kyela kule Tanzania.

Kinachouma ni hiki: tunauza njugu kwa gorogoro, halafu tunanunua chokoleti yenye njugu supamaketi, bei juu.

Kaanga njugu, toa maganda, twanga hadi mafuta yatoke. Changanya na kakao na asali mpaka ishikane. Viringa, acha ikauke kidogo, kula. Stima ikipotea, hakuna kinachoharibika.

Chakula huwa chetu tukikilima na kukitengeneza. Njugu ilishapita huo mtihani. Kakao sasa.