Kiti cha Mzee arap Koech (Sehemu ya Kwanza)

Matatu ya kukodi iliondoka Silibwet saa kumi alfajiri, masanduku yakiwa yamefungwa juu ya keria. Abiria walikuwa kumi na mmoja, na nauli yao ya ndege ilitoka kwenye bonasi ya chai ya Oktoba. Ukitaka kupima imani ya mkulima wa Bomet, mtazame akitoa bonasi yake wiki ile ile inapoingia benki, kabla karo haijalipwa.

Bot Chelangat, mweka hazina wa kanisa, alikaa mbele na daftari mapajani. Yeye alizaliwa Tenwek, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Marekani mwaka 1937, na tangu utotoni alizoea kuwaona Wazungu wakishuka na Biblia zao. Sasa zamu ilikuwa yao: wiki tatu Indiana, kuimba na kuhubiri.

"Safari hii wamisionari ni sisi," Mchungaji alisema, na gari zima likaitikia amina.

Walipopita Longisa na Mulot majani ya chai yalikuwa yamebaki nyuma, na kulipopambazuka wakawa kwenye mashamba ya ngano ya Narok. Bot Chelangat alifungua daftari. Waliolipa walikuwa kumi na mmoja, sawasawa, ila jina la mwisho lilikuwa la Mzee arap Koech, na Mzee hakuwemo garini. Ilisemekana amelazwa Kericho, presha imepanda. Kwenye kiti chake alikaa Kibet, kijana mwenye viatu vipya, ambaye daftarini hakuwa na hata shilingi moja.

"Mambo ya Kibet niachie mimi, Bot Chelangat," Mchungaji alimwambia bila kugeuka.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uliwapokonya maziwa yao ya mursik. Mama mmoja alikuwa ameficha kibuyu ndani ya mkoba wa mkononi, na askari akamweleza kwamba kimiminika kisizidi mililita 100. Mama akauliza kama anaweza kuyanywa pale pale. Akaruhusiwa, na kibuyu kikazungushwa mpaka kikakauka, huku foleni nzima ikisubiri.

Doha saa ni zile zile za Nairobi, kwa hiyo hakuna aliyegusa saa yake. Walijikusanya kwenye kona wakafanya mazoezi kwa sauti ya chini. Kibet alichezesha midomo tu.

"Wewe huimba sauti gani?" Bot Chelangat akamuuliza.

"Zote, mama."

Hakuna mwanakwaya wa kweli anayejibu hivyo. Ndani ya ndege ya Chicago, saa kumi na nne na ushee angani, usingizi ulimkataa. Alikumbuka siku moja kwenye kituo cha kupimia chai, gunia lake likiwa mizanini na karani akimharakisha, Mchungaji alipomletea barua ya ubalozi. "Sahihi tu hapa, mama, chini ya yangu." Alitia sahihi kwa vidole vilivyojaa utomvu wa majani. Hakusoma.

Chicago, kwenye foleni ya uhamiaji, simu yake ilinasa intaneti ya uwanja. Ujumbe ulikuwa wa mke wa Mzee arap Koech.

"Chamgei, Bot Chelangat. Mmefika salama? Mzee anawasalimu, yuko shambani anachuma. Bado inamuuma kwamba Wamarekani walimnyima viza, lakini Mchungaji ametuahidi mkirudi atatupa pesa zetu."

Alisoma mara mbili. Alipoinua macho, Mchungaji alikuwa ameshagongewa muhuri na anaelekea kwenye mizigo, hatua ndefu, bila kungoja mtu. Kwenye dirisha Kibet alikuwa ametoa jasho, na afisa alikuwa akimwashiria yeye, Bot Chelangat, asogee.

Barua iligeuzwa ikamtazama. Ilisema Kibet ameifundisha kwaya yao kwa miaka saba.

"Hii sahihi ni yako?" afisa aliuliza.

Kibet akainama sikioni mwake, akanong'ona kwa Kipsigis: "Mama, sema ndiyo. Baba ameuza shamba lote la chai kwa ajili ya kiti hiki."

"Mama, nimekuuliza," afisa alisema, na mkono wake ukainua simu ya mezani.

(Itaendelea wiki ijayo)