Klachi ya Visu katika Trekta la Bustani: Uchakavu na Ukarabati

Mwaka 1960 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianzisha Cub Cadet, trekta dogo la bustani. Matoleo yake mengi ya miaka ya 1960 yaliwekewa, mbele ya injini, klachi ya mkono iliyopeleka nguvu kwenye visu vya kukatia nyasi. Springi ziliibana sahani ya msuguano. Nyenzo tatu ziliiachia. Sahani ikilika, klachi huteleza na visu hupoteza kasi. Hatari kubwa zaidi ni kulika kwa kitufe kinachosukuma nyenzo, kwani visu huweza kuendelea kuzunguka hata mwendeshaji anapovisimamisha. Hata hivyo, kila kipande kiliweza kubadilishwa peke yake. Usanifu huo uliuelekeza uchakavu kwenye sehemu ndogo, na kuiacha injini salama.