Kura Moja ya Chake Chake

Mwanafunzi anapotia kura yake sandukuni kumchagua kiongozi wa wanafunzi, au mjumbe atakayewasemea wenziwe katika baraza la chuo, aghalabu huwa na swali moja tu moyoni, nalo ni nani atapata kura nyingi. Swali hilo ni la haki, walakini yako mengine yanayolitangulia. Viti ni vingapi? Nani ameruhusiwa kupiga kura? Mipaka ya majimbo imekatwa wapi? Na mjumbe akishachaguliwa, je, ni wa chama chake, ni wa watu waliomchagua, au ni bwana wa nafsi yake? Watu wa Pemba walifunzwa maswali haya kwa ukali katika mwaka 1961, na kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuirejea habari yao kwa faida ya wanaojifunza leo kuchagua na kuchaguliwa.

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa mwaka 1926. Wajumbe wake hawakuchaguliwa na raia; waliteuliwa, na wale wasiokuwa maofisa wa serikali waliteuliwa kwa hesabu ya makabila: Waarabu kadhaa, Wahindi kadhaa, na Mzungu. Ilipita miaka 20, hata mwaka 1946, ndipo Mwafrika wa kwanza alipokalishwa humo. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, nao ulikuwa wa viti sita tu. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, tena kwa masharti ya umri na ya elimu, mali au utumishi. Pemba ilipewa viti viwili, vikachukuliwa na Mohammed Shamte Hamadi, aliyekuwa mwalimu, na Ali Sharif Musa. Wote wawili waliungwa mkono na Jumuiya ya Washirazi, na wote wawili walikuwamo katika kundi lililojitenga na Afro-Shirazi mwaka 1959 na kuanzisha chama cha ZPPP, ambacho nguvu zake zilikuwa Pemba. Tuyakumbuke majina haya mawili, kwani tutayakuta tena.

Uchaguzi wa pili ulikuwa tarehe 17 Januari 1961. Safari hii wanawake nao walipiga kura, na majimbo yalikuwa 22, yaani 13 ya Unguja na 9 ya Pemba. Kila jimbo lilitoa mjumbe mmoja, na aliyemzidi mwenziwe, ijapokuwa kwa kura moja, ndiye aliyekwenda barazani. Kura zilipohesabiwa, Afro-Shirazi ilikuwa na viti 10, chama cha Hizbu, yaani ZNP, viti 9, na ZPPP viti 3, vyote vya Pemba. Na katika viti 10 vya Afro-Shirazi kimoja kilikuwa cha Chake Chake, ambako mgombea wake alimshinda yule wa Hizbu kwa kura moja.

Msomaji na asimame kidogo hapa. Lau mtu mmoja tu wa Chake Chake angaliipeleka kura yake upande wa pili, Hizbu ingalikuwa na viti 10 na Afro-Shirazi 9. Lau mpigakura mmoja wa upande ulioshinda angalishikwa na homa asubuhi ile, au angalikwenda Unguja kwa shughuli zake, wagombea wangalitoka sare. Husemwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Siku ile haba moja ilikigeuza kibaba kizima.

Hata hivyo, anayeitaja kura ile kwa mshangao na kuishia hapo hajaipata maana yake. Kura moja iliamua nani awe na viti vingi zaidi, lakini haikuamua nani atawale. Katika baraza lenye viti 22 mwenye 10 hana wingi, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa wale watatu wa ZPPP. Nao hawakwenda pamoja. Wawili, akiwamo Shamte, walijiunga na Hizbu; wa tatu, Ali Sharif, akajiunga na Afro-Shirazi. Pande mbili zikawa 11 kwa 11, na serikali ya wingi haikuweza kuundwa.

Hapana sheria iliyovunjwa na watu hawa. Lakini mpigakura wa Pemba aliyekuwa amekipa kura yake chama kimoja alikiona chama hicho kimegawanyika baada ya kura, pasipo yeye kuulizwa. Hapo ndipo tunapoiona tofauti baina ya kuchagua kiongozi na kuchagua mwakilishi. Anayemchagua kiongozi huliona tunda la kura yake siku ile ile. Anayemchagua mwakilishi amemkabidhi mtu mwingine kura ya pili, itakayopigwa ndani ya chumba ambamo yeye mwenyewe hamo.

Kisiwa cha karafuu kinao mfano unaolifaa jambo hili. Mchumaji alilipwa kwa pishi, naye na mwenye shamba hukubaliana juu ya pishi na malipo yake kabla hajapanda mkarafuuni. Ugomvi wa pishi ukianza baada ya karafuu kumwagwa mkekani, hapana tena pishi ya haki, kwani kila mmoja amekwisha jua ipi itamfaa. Basi idadi ya viti ilikuwa pishi ya uchaguzi ule, nayo ilikuwa shufwa. Baraza la viti shufwa lina mlango wazi wa kukwama, na mlango ule haukufungwa mapema. Ulipofungwa, ulifungwa kwa kuongeza jimbo la 23, la Mtambile, huko huko Pemba, wakati ambapo hesabu za Januari zilikuwa zimekwisha julikana na kila mtu.

Uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961. Afro-Shirazi ilipata karibu nusu ya kura zote, na viti 10. Hizbu ilipata 10, na ZPPP 3. Hizbu na ZPPP walikuwa wamekwisha fungamana, wakaunda serikali, na Shamte akawa Waziri Kiongozi. Lakini siku ile ile ya kura fujo zilizuka mjini Unguja, wafuasi wa vyama wakishutumiana kwa udanganyifu vituoni. Fujo zikaenea hata mashamba, na watu 68 wakauawa.

Uchaguzi wa Julai 1963 uliifunua pishi nyingine, nayo ni mipaka. Viti vilikuwa 31, na 14 vilikuwa vya Pemba. Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura za nchi nzima, lakini viti 13 tu. Hizbu 12 na ZPPP 6 walikuwa pamoja na viti 18. Sababu haikufichika: katika Unguja Afro-Shirazi ilishinda majimbo yake kwa kura nyingi kupita kiasi cha haja, na Pemba, ijapokuwa ilipata zaidi ya kura nne katika kila kumi, iliambulia viti viwili. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ya Shamte ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yale yana mizizi mingi, katika ardhi, kazi na nasaba, wala singependa kuyabebesha masanduku ya kura peke yake. Lakini hapana shaka kwamba wengi walioshinda kwa kura na wakashindwa kwa viti hawakuiona serikali ile kuwa ni yao.

Mtu atasema: sheria ni sheria, na aliyeshinda kwa moja ameshinda. Ni kweli. Lakini mshindi wa kura moja huwatawala pia wale waliokosa kura moja, nao ni nusu ya watu. Jambo hili Wazanzibari walilifikia tarehe 31 Julai 2010, walipokubali katika kura ya maoni, kwa takribani theluthi mbili, serikali ambayo chama cha pili kina nafasi ndani yake. Oktoba mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Pemba, asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa nyembamba, na nchi ilitulia, kwa kuwa pishi ilikuwa imekubaliwa kabla ya karafuu kumwagwa. Lakini mapatano hayo hayakuwa dawa ya kila maradhi: tarehe 28 Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yalifutwa, na ubishi ukarudi.

Basi mwanafunzi anayejiandaa kumchagua rais wake wa wanafunzi na mjumbe wake wa baraza, na ayasome masharti ya uchaguzi kabla ya kuzitazama picha za wagombea. Aulize idadi ya viti, aulize mipaka, aulize sare itaamuliwa namna gani, na amuulize mgombea mbele ya watu atafuata neno la nani atakapoingia chumbani. Maswali haya huulizwa bila uchungu kabla ya kura. Baada ya kura, kama watu wa Chake Chake walivyoona, kila jibu lina mtu wa kufaidika nalo na mtu wa kulilia.