Masizi ya Tokyo kwenye lami ya Mikese

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikaa mbele ya waandishi wa habari akatikisa chupa ya plastiki yenye unga mweusi. Yalikuwa masizi ya dizeli, ya aina ile ile ambayo wakazi wa jiji lake walikuwa wakiyavuta kila siku. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na majimbo jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa yalipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango kipya cha moshi. Mwenye lori alikuwa na njia mbili: alifunge chujio, au alitoe barabarani.

Malori na mabasi mengi yaliyotolewa huko hayakwenda kuyeyushwa. Japani ndiyo ghala letu la magari yaliyotumika, na kinachokataliwa kule huteremshwa bandarini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi tulipokea magari ya kabla ya chujio. Sasa tunapokea yenye chujio, na hapo ndipo kazi ya mafundi wetu ilipobadilika.

Chukua barabara ya Dar hadi Morogoro. Ukishapita Chalinze, milima ya Uluguru inaanza kujitokeza mkono wa kushoto, kisha unafika Mikese, mahali ambapo madereva wa malori hupajua kwa mizani. Mikese ina historia ndefu ya kukutana na mitambo iliyoundwa kwa mazingira mengine. Baada ya Waingereza kuiteka Morogoro Agosti 1916, stesheni ya Mikese ilifanywa kituo cha kushushia mizigo ya jeshi iliyokuwa ikielekea kusini, Duthumi hadi Rufiji. Malori yalipangwa kuibeba. Mvua za 1917 ziliigeuza njia kuwa tope, malori yakazama, na mzigo ukahamia vichwani mwa wapagazi, Waafrika ambao wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi.

Chujio la masizi, ambalo mafundi wote wanaliita DPF, nalo liliundwa kwa mazingira mengine. Peugeot ndiyo iliyoanza kulifunga kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Peugeot 607, mwaka 2000. Ndani yake ni kama sega la nyuki la kauri: matundu membamba, kila moja limezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye ukuta na kuacha masizi. Masizi yakijaa, injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili joto lifike nyuzi 600 hivi na yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa kasi usiokatika kwa muda. Foleni ya Ubungo haitoi nafasi hiyo. Inataka pia dizeli yenye salfa kidogo: Japani ilishusha hadi sehemu 10 kwa milioni, ilhali Afrika Mashariki ilikubaliana kushuka hadi 50 mwaka 2015.

Sasa taa imewaka na gari halivuti. Mashine inasoma P2463, yaani masizi yamezidi. Fundi wengi husimama hapo hapo na kutaja bei ya kulitoa chujio. Naona huo si upimaji. Kompyuta ya gari haiyaoni masizi. Inayakisia, kwa sehemu kubwa kutokana na sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya chujio. Washa swichi bila kuwasha injini: sensa isome sifuri. Isiposoma sifuri, ya kushukiwa kwanza ni sensa na nyaya zake. Kagua vimpira vyake viwili, maana hupasuka na kuziba. Kisha washa injini, panda mizunguko, uone presha inavyopanda.

Kama kweli limejaa, swali ni nani amelijaza. Nozeli inayovuja, tabo inayopitisha oili, au gari la safari fupi fupi tu? Ukisafisha bila kujibu hilo, mteja atarudi. Chomoa pia kijiti cha oili. Kimo kikiwa kimepanda kinanuka dizeli, injini imejaribu kuchoma masizi mara nyingi ikakatizwa, na oili hiyo imwagwe kabla haijaua beringi. Kuna na majivu ya oili, ambayo hayaungui kwa joto lolote la injini; hayo huoshwa chujio likiwa limefunguliwa.

Kutoboa ni rahisi, lazima nikubali. Kauri inatolewa, ganda linarudishwa tupu, programu inafutwa, gari linavuta. Lakini Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na asbesto. Mizani ya Mikese hupima uzito, si moshi, na wanaouza matunda kando ya lami wako hapo asubuhi hadi jioni.

Mnunuzi wa baadaye wa gari hilo hataonywa na taa yoyote, kwa kuwa nayo imefutwa. Bomba la moshi likiwa limepoa, apitishe kidole ndani. Kwenye gari lenye chujio zima, kidole hutoka karibu kisafi.